Kamba za Bibi na Turubai la Baba Mdogo

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE CHA KAMATI YA FAMILIA YA KUMKUMBUKA BIBI, MWENYE DUKA LA USHONAJI

Siku: Jumatano, siku tatu kabla ya shughuli ya kutimiza mwaka tangu Bibi atutoke
Mahali: Chumba cha nyuma cha duka lake, kwenye meza ya kukatia nguo
Muda: Kiliitishwa saa 9:00 alasiri. Kilianza saa 10:10.

WALIOHUDHURIA
1. Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, karani mstaafu – Mwenyekiti
2. Shangazi, muuguzi – Mjumbe
3. Baba Mdogo, dereva wa lori – Mjumbe (alifika saa 10:50)
4. Fundi Kofia, aliyeshona na Bibi miaka ishirini na sita – Mwalikwa
5. Mjukuu, msimamizi wa duka kwa sasa – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Baba yake Katibu. Yuko safarini, ametoa taarifa.

Mtoto wa Katibu, miezi saba, alikuwemo ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa. Si mjumbe.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuwahi. Fundi Kofia aliangalia saa ya ukutani, kisha akamwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti aliagiza jambo hilo lisiandikwe. Katibu alieleza kwamba limeshaandikwa, tena kwa wino.

KUMB. NA. 2/4: YATOKANAYO: WASIFU WA BIBI
Katibu alikumbusha kwamba katika kikao cha kwanza Mwenyekiti aliomba aandike wasifu mwenyewe. Katika kikao cha pili alimwachia Shangazi. Katika kikao cha tatu Shangazi aliurudisha kwa Mwenyekiti. Katibu aliuliza uko wapi.

Mwenyekiti alitoa karatasi mfukoni na kusoma: "Marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi." Hapo ndipo alipofikia.

Shangazi aliuliza Mama alisoma shule gani. Mwenyekiti alijibu kwamba wasifu una utaratibu wake. Shangazi alisema, "Utaratibu wa nani, Kaka? Mama alikuwa hajui kuandika hata jina lake. Shule umempeleka wewe leo?"

Shangazi alipendekeza iandikwe kwamba Bibi alikuwa mpole na mwenye subira. Fundi Kofia alicheka mpaka akavua kofia. Alisema, "Mpole yupi? Huyu aliyenifumulisha suruali moja mara nne, mwenye suruali kasimama nyuma ya pazia na shati tu?" Shangazi alisema mtu akishakufa anasemwa vizuri. Fundi Kofia alisema yeye anamsema vizuri, ile suruali haijafumuka mpaka leo.

Mjadala huu ulichukua dakika ishirini. Katibu aliomba kusema, akasema, "Wazee wangu, mwanangu ameota meno mawili tangu tuanze kuandika sentensi hii. Naomba tusonge mbele." Tulisonga.

KUMB. NA. 3/4: HATIMA YA DUKA
Mwenyekiti alieleza kwamba baada ya shughuli ya Jumamosi duka lifungwe na chumba kipangishwe. Alieleza kwamba vipimo vya wateja vilikuwa kichwani mwa Mama na vimeondoka naye, na kwamba hamwoni mtu wa kuiendesha kazi ile. Alisema haya akiwa ameegemea cherehani ambayo Katibu aliitumia asubuhi hiyohiyo.

Katibu alipinga. Alieleza kwamba kwa mwaka mzima yeye na Fundi Kofia wameshona bila kusimama, na kwamba vipimo havikuwa kichwani bali ukutani. Kwa faida ya wajumbe ambao hawajakanyaga chumba hiki muda mrefu, alifafanua: Bibi hakutumia futi ya kupimia. Kila mteja ana kamba yake, kwenye msumari wake, na mwanzoni mwa kamba kuna kipande cha kitambaa cha nguo yake ya kwanza. Fundo moja ni bega, mafundo mawili pamoja ni kiuno, matatu ni urefu. Mtu akinenepa, fundo la zamani halifunguliwi. Jipya hufungwa mbele yake.

Mwenyekiti alisema, "Mwanangu, unanyonyesha, unashona, unaandika kumbukumbu. Utaweza?" Katibu alijibu kwamba hajui kwa nini mtu anaulizwa kama ataweza jambo analolifanya tayari. Aliwaomba wajumbe wageuke waangalie ukuta uliokuwa nyuma yao.

Wajumbe waligeuka. Katibu naye aligeuka. Kulikuwa na misumari tu.

KUMB. NA. 4/4: TAARIFA YA MAANDALIZI
Wakati huo Baba Mdogo aliingia, akaomba radhi kwa kuchelewa, na kutoa taarifa bila kuombwa. Alisema mchana, Katibu akiwa kliniki na mtoto na Fundi Kofia amekwenda kununua nyuzi, yeye alifungua duka kwa ufunguo wake, akafagia, na kutoa uchafu wote ukutani ili wageni wasituone watu wa ajabu.

Aliulizwa uchafu huo uko wapi. Alijibu, "Zile kamba kuukuu? Nimefungia turubai uani. Ngumu hizo, acha kabisa! Hata upepo uje."

Fundi Kofia alitoka nje. Maneno aliyosema akipita mlangoni hayakuandikwa. Mtoto aliamka. Shangazi alimwambia Baba Mdogo, "Wewe tangu utoto ukisaidia tu, tumekwisha." Baba Mdogo aliuliza kwani amekosa nini. Hakuna aliyemjibu kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kutoka.

KUMB. NA. 5/4: KAMBA
Kikao kilihamia uani kwa dakika arobaini. Kamba mia moja na kumi na mbili zilifunguliwa kwenye turubai na kurudishwa mezani zikiwa bonge moja.

Mwenyekiti alisema sasa hata Katibu akubali. Mafundo ya Mama yamechanganyika na ya dereva, nani atayajua? Katibu, mtoto akiwa begani, alieleza kwamba Bibi alikuwa akisugua kila fundo kwa nta ya mshumaa, kwa hiyo ni dogo na gumu kama punje. Mafundo ya Baba Mdogo ni ya kufungia mizigo, makubwa, yanafunguka. Mwenyekiti alimwambia athibitishe.

Katibu alivuta kamba moja, akafumba macho, akaipitisha vidoleni. Mafundo matatu aliyafungua akasema ni ya lori. Kisha alisoma: "Kitambaa cha kaki. Bega pana. Kiuno chembamba, kijana huyu. Kiuno tena, kimeongezeka. Tena. Tena." Alihesabu viuno saba. Aliuliza nani anakijua kile kitambaa.

Mwenyekiti alikishika kile kitambaa. Alisema ni cha suruali aliyoshonewa na Mama siku alipoanza kazi. Baba Mdogo alisema, "Kiuno hicho cha kwanza, Kaka? Si kinakutosha shingoni tu sasa?" Shangazi alimwonya.

Mwenyekiti alisema kuna kosa. Tangu apewe cheo amekuwa akinunua suti zilizoshonwa tayari, na Mama hakumpima tena hata mara moja, ingawa mwenyewe alimwomba ampime. Hivyo viuno sita vilivyofuata si vyake.

Fundi Kofia alisema ni vyake. Alisema, "Kila ukija kusalimia, si alikuwa anakukumbatia pale mlangoni? Ukishapanda gari tu, anaingia huku ameiacha mikono yake duara hivi, isisogee, ananiambia nilete kamba ya kaki."

Mwenyekiti aliomba kikao kisimame dakika tano. Alikubaliwa. Alizitumia mlangoni.

KUMB. NA. 6/4: MAAZIMIO
(a) Duka halifungwi. Katibu ndiye msimamizi wake, na neno "kwa sasa" kwenye orodha ya hapo juu lihesabiwe limefutwa.
(b) Baba Mdogo ataleta kamba za lori lake afungie turubai. Kamba za Bibi atazifumua mwenyewe na kuzirudisha ukutani kabla ya Ijumaa jioni, Fundi Kofia akiwa amesimama nyuma yake. Ufunguo ameurudisha.
(c) Wasifu ataandika Katibu, ukurasa mmoja. Neno "mpole" halitakuwemo. Shangazi alipinga, akakubaliwa "alikuwa na upole wake."
(d) Vikao vya kamati vitaanza kwa wakati. Azimio hili lilipita bila kupingwa, kama katika vikao vitatu vilivyotangulia.

KUMB. NA. 7/4: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza kama akishonewa suruali ya kuvaa Jumamosi inaweza kuwahi. Katibu alisema ana sare ishirini za shule mbele yake na mtoto mgonjwa wa meno, na kwamba watu huleta nguo mapema. Kisha alimwambia asimame, ainue mikono.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 12:25 jioni. Kamba sitini na nne zilikuwa bado hazijafumuliwa. Saini ya Mwenyekiti imepinda kwa sababu aliitia kabla Katibu hajamaliza kufunga fundo la kiuno cha nane, na hakutaka kusogea.

Mwenyekiti: ........................

Katibu: ........................