Prisca wa redioni kalia msibani

Eliza, nimetoka msibani kwa mzee Ambilikile sasa hivi. Prisca alikuja! Prisca yuleyule wa Ngonga, anayeigiza sauti za vikongwe redioni na kwenye katuni.

Unajua kilio hapa kwetu huwa naanzisha mimi. Leo kaanza yeye. Uwanja mzima kimya, watu wakatoa simu wamrekodi. Msibani, Eliza!

Nikalia kwa nguvu zangu zote. Mjukuu wangu Jubilate akanivuta kitenge: "Bibi, nyamaza kidogo, tumsikie bibi wa katuni."

Bibi wa katuni! Na mimi niliyemlea ni bibi wa nini?

Halafu Prisca mwenyewe akaja kunikumbatia. "Ndaga fijo, asante sana, dada. Kile kilio ni chako. Ulivyomlilia mumeo ndivyo ninavyolia redioni mpaka leo."

Nikamwambia asante. Ningesema nini, na watu wote wanatutazama?

Kilio cha mume wangu, Eliza. Kinachoniuma zaidi, yeye anakilia vizuri kuliko mimi.

Sasa sikia. Siku nikifa, Prisca asianzishe. Anzisha wewe, hata kama sauti itakukwama.