Bwana Harusi Hayumo Kwenye Picha

Mpendwa mshauri Mama Nakhungu,

Naomba msaada wako, na nikuambie mapema kwamba siandiki nikilia, naandika nikiwa nimeshusha pumzi, kwa sababu jambo nililoliogopa wiki tatu nzima halikuwa kweli, asante Mungu, lakini yale niliyoyafanya kwa sababu ya huo woga bado yako ndani ya kompyuta yangu na sijui nitayatoa namna gani. Majina ya watu nimebadilisha, kwa hivyo usinitafutie.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Kitale, mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Bungoma anaitwa Phelista, ati ameona kazi yangu kwa Facebook, na mtoto wa kaka yake, Pauline, anaolewa Kabuchai Jumamosi, nikakubali. Nikafika mapema nikampiga picha bibi harusi akivishwa pale kwa shangazi yake, msichana mpole, anacheka na kila mtu, hata mimi alinisukumia chai na mandazi akasema hataki kupigwa picha na mtu mwenye njaa. Basi tukaenda kanisani, bwana harusi akaingia na msimamizi wake, nikainua kamera, nikamvuta karibu kwa lenzi, nikaona huyo mwanaume nilikuwa nimeshampiga picha za harusi.

Sikukosea, Mama. Ilikuwa miaka mitano iliyopita, hapa hapa Kitale, huyo huyo Wangila akimwoa msichana anaitwa Rosaline Kabura, binti ya watu wa kwetu, na uso ambao umeuhariri wiki nzima huwezi kuusahau, ako na kovu juu ya nyusi ambalo nilitaka kulifuta na Rosaline akanikataza, akaniambia hilo ndilo analompendea. Sasa kovu ni lile lile, na yeye mwenyewe akaniona, akanitambua kabisa, akainamisha macho. Nikasema basi, huyu ni mwongo, amemwacha mwenzetu Kitale amekuja kudanganya watoto wa watu Bungoma.

Lazima nikueleze yote ndio unielewe. Mimi niliwahi kuolewa na mtu aliyekuwa na bibi na watoto wawili Eldoret, nikaja kujua baada ya mwaka na nusu, na wote waliotoka upande wake siku ya harusi yetu walikuwa wanajua, walikula keki yangu na wanajua. Kwa hivyo pasta alipouliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kuzuia hii ndoa aseme, kanisa likanyamaza na mimi nikanyamaza nao, nimesimama hatua tatu kutoka kwa pasta. Niliogopa. Mimi ni nani, mgeni wa kukodishwa, nisimamishe harusi ya watu mia nne? Lakini nikasema moyoni, sawa, harusi siwezi kuizuia, lakini kwa picha zangu wewe hutakuwa.

Na nikafanya hivyo bana. Wakivishana pete nikageuzia kwaya lenzi. Pauline nikampiga vizuri sana, peke yake, pengine sijawahi kumpiga bibi harusi vizuri hivyo, na Wangila nikamkata begani ama nikamwacha nyuma hana sura, kama moshi. Kwa picha ya familia nikampanga nyuma ya mjomba mmoja mnene mwenye kofia pana. Wakikata keki, nikapiga keki. Wakati wa chakula nikamfuata shangazi Phelista kando ya hema nikamuuliza kama wanamjua huyu mwanaume vizuri, akaniangalia juu mpaka chini, akanijibu, "Tunamjua na mambo yake yote. Wewe piga picha." Nikaona ala, kumbe hata hawa wanajua, ni vile vile kama mimi nilivyofanyiwa.

Jioni nimefika nyumbani nikatafuta kwa diski ya zamani picha ya Wangila na Rosaline, nikamtumia Pauline kwa simu na maneno haya, "Dada, huyu ndiye bibi yake. Muulize." Nikabonyeza, na data ikawa imeisha. Asubuhi nikaona ile alama nyekundu kwamba haikuenda, na data nilinunua, lakini kila siku nikawa naiangalia tu, kidole kiko juu yake, situmi wala sifuti. Wakipiga simu kuuliza picha zao, nawaambia kompyuta ni mgonjwa.

Alhamisi iliyopita wakachoka kungoja, wakaja wenyewe mpaka studio. Nilikuwa nimejipanga, nimeamua leo nitamwambia mbele ya huyu mwanaume na liwe liwalo. Wangila akakaa pale mlangoni na kofia mkononi, Pauline akavuta kiti, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. "Dada, kabla ya zetu tuko na shida ingine. Wewe ndiye ulipiga harusi ya marehemu Rosaline. Mtoto wake sasa ako na miaka minne, ananiuliza mama yake alikuwa anakaa aje kwa sura, na mimi sina la kumwambia, mimi sikumjua."

Marehemu, Mama. Rosaline alifariki mtoto akiwa na miezi saba, ni moyo ulisimama, na alizikwa kwao Wangila huko Kabuchai, ndiyo maana huku Kitale sikusikia. Albamu yao iliharibika na maji, paa lilivuja pale walipokuwa wamepanga Kipsongo, hapa Kitale, na simu yenye picha zingine iliibwa. Wangila akasema, "Kanisani nilikuona nikashindwa kukusalimia. Ningekusalimia ningelia, na hiyo ilikuwa siku ya Pauline."

Sijui nikuambieje vile nilisikia. Nikakalia boksi ya fremu, ikavunjika, na nilikuwa nafurahi, Mama, sijawahi kufurahia kukosea kama siku hiyo, kwamba huyu msichana hakudanganywa, kwamba kuna mtu ameolewa na mtu wa ukweli. Nikaingia nyuma ati naleta maji, nikaufuta ule ujumbe. Halafu nikawafungulia picha za Rosaline, ziko zote, mia nne na zaidi. Wangila alitazama tatu akatoka nje. Pauline alizitazama zote polepole, akasema mtoto amechukua meno ya mamake, akaniomba nitengeneze albamu nzuri.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Wakiondoka Pauline akasema albamu mbili zitakaa pamoja kwa meza ya sebuleni, ya Rosaline na yake, mtoto akue akizijua zote. Nikawaambia zao zitakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mama, nimezihesabu. Picha mia sita na kumi na mbili, na zile zenye uso wa Wangila unaoonekana ni tisa, na kwa nne amefunga macho. Ya pete hakuna hata moja. Kwa albamu ya Rosaline huyu mwanaume ako kila ukurasa anacheka mpaka magego, na kwa albamu ya Pauline hayuko. Pauline ataziangalia hizo mbili ataona nini?

Nimewaza niseme kadi ya kamera iliharibika, hiyo hutokea, hawatajua. Halafu kuna fundi mmoja wa kompyuta hapo Bungoma mjini, ameniambia kwa siku moja anaweza kumtoa Wangila kwa picha za Rosaline, akambadilisha suti, akambandika kando ya Pauline, na hakuna mtu atajua, uso ni ule ule na anacheka vizuri. Nimekaribia kukubali. Ama niwaambie ukweli, nipoteze jina langu Bungoma yote, na niharibu furaha ambayo hawajui kwamba nilikaribia kuiharibu? Na ule ujumbe, nao niuseme? Nishauri haraka, wiki mbili zinaisha.

Ni mimi, Nimepumua Lakini Sijatulia, Kitale.


MAMA NAKHUNGU ANAJIBU

Mpiga picha wa Kitale, nilifurahi pamoja nawe, kisha nikakukasirikia, kisha nikairudia barua yako nikakuhurumia. Vumilia, yote matatu yanakujia.

Kwanza nikukaripie nimalize. Majina ya wale wawili yalisomwa kanisani Jumapili tatu, kama ilivyo desturi, kabla hujapanda gari kwenda Kabuchai. Hakuna pasta anayemfungisha ndoa mgane bila kuona cheti cha kifo cha mkewe wa kwanza. Kanisa lote lilijua isipokuwa wewe, na ungemnong'oneza mzee mmoja wa kanisa pale mlangoni, "Huyu si alioa Kitale?", ungejibiwa kwa maneno mawili na ungefanya kazi yako kwa raha. Sikulaumu kwa kushtuka. Sikulaumu hata kwa kunyamaza, maana ulikuwa peke yako na unaogopa. Nakulaumu kwa sababu ulishindwa kuuliza, ukaweza kuhukumu. Na shangazi Phelista alipokujibu hukutaka kusikia alichosema, ulisikia kile ulichokuja nacho.

Wewe mwenyewe umeniandikia kilitoka wapi. Kilitoka kwa yule wa Eldoret. Pole sana, dada. Ulitendewa unyama, na waliokula keki yako wakinyamaza walikukosea wote. Lakini Wangila hakuwemo katika hiyo karamu. Alikuwa mtu aliyezika mke akiwa na mtoto mchanga mkononi, akajikaza kusimama tena mbele ya watu, na alipomwona mtu wa pekee pale anayemkumbusha siku ile ya kwanza, akainamisha macho asilie. Ukamlipiza yeye deni la mwingine. Tafuta mtu wa kuongea naye juu ya ndoa yako ya zamani, na usingoje harusi nyingine ikuchokoze.

Sasa sikiliza utakavyofanya.

Albamu ya Rosaline itangulie. Ichape vizuri kuliko kazi yoyote uliyowahi kufanya, gharama iwe yako, na usimwachie mtu wa bodaboda, ipeleke mwenyewe Kabuchai. Mkabidhi Pauline, maana ndiye aliyeiomba. Siku hiyo hiyo, wakiwa wote wawili, waambie. Maneno yawe machache: nilimtambua Wangila, sikujua Rosaline alifariki, nilidhani unadanganywa, nikakasirika, nikamwacha nje ya picha kwa makusudi. Nimekosa. Usianze na hadithi ya Eldoret, hiyo ni ya kujitetea. Wakikuuliza kwa nini ulifikiri hivyo, ndipo useme. Usilie kabla yao. Pauline akikasirika, mwache akasirike, ana haki, na usimwambie kwamba ulikuwa unamtetea.

Habari ya kadi kuharibika iache. Ndiyo, kadi huharibika. Yako haikuharibika.

Kuhusu ujumbe ule, umeufuta, haukufika, hakuna macho yaliyouona. Hapo nakwambia nyamaza. Najua utashangaa, maana nimetoka kukuambia useme ukweli. Picha ni zao na wanazingoja, lazima wajue zilivyo. Ujumbe ni mzigo wako. Ukimwambia Pauline utapata usingizi wewe, naye kila simu ikilia atawaza ni nani mwingine anayemwandikia. Ubebe mwenyewe.

Ya pete usihangaike. Harusi ya watu mia nne Kabuchai ina simu mia mbili hewani pasta akisema tu "pete". Mwombe shangazi Phelista awaulize wageni wakutumie walizo nazo. Zitakuwa na vichwa vya watu mbele na mwanga mbaya, nazo zitakuwa za kweli. Tisa zako ziweke pia, hata zile nne za macho kufumba, watu huzicheka hizo baadaye.

Kisha waombe, usiwalazimishe, wakupe siku moja. Wavae nguo zao tena kama wanataka, au wavae za kawaida, wawe kwao, kwenye mahindi yao na kuku wao na mtoto wao. Usiwarudishe kanisani, wala usiwaambie wavuane pete ili wavishane upya. Siku yao ilikwisha na ilikuwa nzuri bila wewe. Jina lako Bungoma litaumia kidogo, nalo litapona, kwa maana watu husamehe mtu aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake kuliko yule waliyemkamata.

Na huyo fundi wako mwambie hapana leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Umeniandikia kwamba uso ni ule ule na anacheka vizuri. Dada, hujajiuliza anamchekea nani? Yule kijana wa miaka mitano iliyopita anamwangalia Rosaline. Huwezi kumtoa kwake ukampeleka kwa mwingine, na Pauline atayajua hayo macho siku ya kwanza, hata ukimbadilisha suti mara kumi. Mwache hapo alipo, mtoto wao amwone hivyo. Pauline ana mume wake, yuko hai, yuko Kabuchai. Nenda ukampige akimwangalia yeye.