Pampu Ilipokataa

Jumatatu, 3 Machi

Viti vya msiba vimerudishwa leo. Sebule imekuwa kubwa ghafla. Siipendi. Mama kabaki, na mdogo wangu Spana kabaki, analala kwenye kochi, ovaroli yake ya karakana ya ndege inaning'inia mlangoni. Wiki ya tatu sasa tangu ndege ya mume wangu ianguke. Tulizika jeneza jepesi mno. Waliolibeba hawakuhema hata kidogo, nikatamani kuwapigia kelele.

Redio bado inamtafuna. Eti rubani alichoka. Eti alikunywa. Mume wangu! Mtu wa kulewa kwa soda ya tangawizi! Dukani nimeombwa nisimame pembeni kwanza, kuna mama aliyepoteza binti kwenye ile ndege, hataki kuniona. Nikasimama pembeni. Nifanyeje?

Jumanne, 4 Machi

Nimeitwa na mchunguzi wa ajali. Mwanamke mpole, ana sauti ya mwalimu wa chekechea. Walitaka nisikilize mkanda wa chumba cha marubani, niwaambie sauti ipi ni ya mume wangu na ipi ya msaidizi wake. Kelele nyingi, wao zinawachanganya.

Mimi nilimjua kabla hajamaliza neno. Mkia umekwama, kasema. Wala hakupiga kelele. Halafu: vuta na mimi. Vuta. Vuta tena. Sauti ileile ya siku tulipohamisha kabati! Kisha mlio wa chuma. Mchunguzi akazima. Nikamwambia arudie, akakataa. Nilimshukuru, halafu nikamchukia.

Kwa hiyo si yeye? nikauliza. Hapana, mama, alipigana nayo mpaka mwisho. Akanionyesha picha: skrubu ndefu kama mkono wangu, ndiyo inayopandisha na kushusha mabawa madogo ya mkia. Inatakiwa iloe grisi. Ilikuwa kavu. Nyuzi za nati yake, yale meno ya ndani, zimesagika, zimejizungusha kwenye skrubu kama nywele kwenye chanuo. Lakini karakana wanaapa grisi iliwekwa. Mpaka ijulikane ilikaukaje, kasema, hatuna sababu ya kuzisimamisha ndege nyingine za aina hii. Na zinaruka kila siku.

Alhamisi, 6 Machi

Tangu juzi nyumba nzima inasema vuta. Mama akifungua droo—vuta. Mlango wa bafuni—vuta. Jana niliitika "abee!" kwa sauti kabisa. Mama akaniuliza namwitikia nani. Nikasema nilidhani ni yeye.

Spana hali kitu. Nilipomsimulia habari ya skrubu alikuwa anamenya viazi. Akamenya kimoja mpaka kikabaki kama karanga. Nikamcheka! Nikamwambia kwa mwendo huo tutakula maganda.

Ijumaa, 7 Machi

Spana kaniambia. Tulikuwa uani tunaanika nguo, Mama yuko ndani.

Ni yeye aliyeitia grisi ile skrubu. Unachomeka pampu ya grisi kwenye kitundu, anasema, unabana mpaka mkono uhisi inakataa. Ikikataa, imejaa. Ilikataa upesi. Ndege nyingine ilikuwa inasubiri, akashukuru Mungu, akashuka ngazi. Sasa anajua: kitundu kilizibwa na grisi ya zamani iliyoganda. Haikuingia hata chembe. Mkono ulinidanganya, dada. Fundi yeyote angeshuka.

Nilimchapa na shuka bichi. Nikamchapa tena. Halafu akalia begani kwangu, huyu niliyembeba mgongoni. Huyu ambaye shemeji yake ndiye aliyemtafutia hiyo kazi! Damu nzito kuliko maji, wanasema. Na mume wangu alikuwa nini, maji?

Nikamwambia: nenda kwa mchunguzi, mweleze habari ya kitundu, wakague nyingine. Watanifunga, dada. Nikasema huenda. Akaniomba nimpe mpaka Jumatatu.

Namba ya mchunguzi ninayo. Nimepiga mara moja, nikakata kabla haijaita. Moyo mwoga, huu! Nampenda huyu mtoto na siwezi kumtazama.

Jumapili, 9 Machi

Mama anarudi kwake kesho. Shirika la ndege limewapa wafiwa tiketi za bure—na ndege ni ya aina ileile! Nikamsihi apande basi. Kwani mabasi hayapinduki? anauliza. Kisha akampapasa Spana mgongoni, mbele yangu: "Ndege aliyoishika mwanangu naiogopea nini?"

Spana akatoka. Nikamfuata mpaka getini. Hiyo ya kesho nani kaitia grisi? Mimi, dada. Pampu ilikataa upesi? Akatazama viatu vyake.

Jumatatu, 10 Machi

Teksi imefika. Naandika nimesimama dirishani, sina pengine pa kuiweka mikono.

Spana hajaenda popote. Kaamka, kaoga, kavaa ovaroli, kanywa chai na Mama. Wametaniana kuhusu begi: umebeba mawe, mama? Nilimwambia Mama asipande. Nilimwambia ndege ni mbovu! Akanikumbatia. Ni huzuni hiyo, mwanangu, itapoa.

Nikamfuata Spana mlangoni, begi mkononi mwake. Nikasema polepole, Mama asisikie: "Kama ilijaa grisi, lipakie. Haya. Lipakie."

Dereva kafungua buti. Mama keshakaa kiti cha mbele, kafunga mkanda, anapunga mkono. Honi. Honi tena. Spana kasimama katikati ya uwanja na lile begi. Halishushi, halipakii.

Nimempigia mchunguzi. Simu nimeibana begani, inaita. Spana kageuka, kaiona. Anatikisa kichwa—sijui anasema nisipige, au anasema haikujaa