Hawakuchelewa Kumleta

Guangzhou, China,
14 Septemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti liwe limeacha kukusumbua. Mdogo wangu Rodrick aliniambia kahawa mmeshaivuna na kuianika. Poleni na kazi. Mimi mwili hauna neno. Kula ninakula, maana Mwende, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, hunivuta hadi mgahawa wa Wakongo pale mtaa wa Huanshi Zhonglu na haondoki mpaka nimalize sahani.

Ulimlalamikia Rodrick kwamba tangu nirudi kutoka Guatemala sipigi simu. Ni kweli, Mama. Ungeisikia sauti yangu ukajua. Ndiyo maana naandika.

Kama nilivyokuaga, likizo ya Julai nilienda kujitolea na timu ya afya kwenye vijiji vya Wamaya, wenyeji wa kule, huko milimani. Ni wakulima wa mahindi na maharage, na wanawake wao hubeba watoto mgongoni kama sisi. Siku ya kwanza mmoja alinicheka nilivyomfunga mwanawe kwa kanga yangu, kisha akataka nimfundishe. Tulipima presha, tukachanja watoto, nami nikapewa wajawazito kwa kuwa niko mwaka wa tano wa udaktari.

Kijiji kilikuwa na mkunga wake, bibi Tomasa, ambaye hakusoma. Kila mjamzito aliyekuja kwetu alikuja naye.

Catarina alikuwa na mimba ya nne. Uchungu ulimshika asubuhi, akaletwa kwetu mara moja, siku ambayo daktari wetu alikuwa kijiji cha pili. Tomasa alimpapasa tumbo, akaniambia kupitia mwalimu wa pale aliyetutafsiria kwamba mama huyu humwagika damu kila akijifungua, ashushwe hospitali ya mjini sasa hivi, kwani ni mwendo wa saa tatu. Gari letu lilikuwa mlangoni. Nikapima presha, nikasikiliza mapigo ya mtoto, nikaona yote sawa. Nikasema hakuna haja. Tomasa akarudia maneno yale yale. Nikamgeukia mwalimu: “Mwambie bibi atuachie sisi kazi.”

Mwalimu akamtafsiria.

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, wa kike, akalia vizuri. Kisha damu ikaja. Mama, wewe unaijua ile damu. Nilimchoma sindano, nikakanda tumbo, nikaminya kwa nguvu zangu zote, Tomasa akinisaidia. Tukampakia garini. Alikata roho njiani, kichwa chake mapajani kwangu, mumewe akimwita jina tu, akimwita tu.

Sasa lile linalonikaba. Kwenye ripoti, kiongozi wetu aliandika kwamba familia ilichelewa kumleta mgonjwa. Akanisogezea kalamu, nikatia saini. Hawakuchelewa, Mama. Alikuwa mikononi mwangu tangu asubuhi.

Nimejiuliza kwa nini sikumsikiliza Tomasa. Ni kwa sababu alifanana na wewe, mkunga wa kijijini. Miaka yote hii hapa, watu wakiniuliza kazi ya mama yangu, nimejibu kwamba ni mkulima, basi. Sijamwambia mtu kwamba nusu ya kijiji chetu umeipokea wewe duniani. Niliona haya. Nisamehe.

Wiki mbili zilizopita niliandika ripoti nyingine, ya kweli, kwa jina langu, nikaituma kwa wakubwa wa timu. Nakala nilimpelekea yule mwalimu, nikamwomba awasomee mume wa marehemu na Tomasa. Chuoni wameniambia huenda jambo hili likanikosesha udaktari. Sitaibadilisha ripoti hiyo. Mwalimu amejibu kwamba mtoto anakua, na wamempa jina la mama yake. Kuhusu Tomasa hakuandika lolote.

Sikuombi unifariji. Nieleze tu, Mama, kama wapo waliokufia mikononi, kesho yake uliamkaje ukaenda kwa mwingine?

Msalimie Rodrick na shangazi Edina, na yeyote atakayeniulizia. Niombee.

Mwanao,
Gaudiosa