Chungu cha Mama na Shimo la Zahanati

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba unipokee kama binti yako, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu ninayeonana naye kila siku. Mimi ni nesi mkunga, nilimaliza kidato cha nne kisha nikasomea ukunga, na tangu Januari mwaka jana, 1973, niko peke yangu katika zahanati ya kijiji huku juu ya Mlalo, ambayo wanakijiji waliijenga kwa kujitegemea, wakibeba mawe kichwani. Sasa nina mimba yangu ya kwanza, ya miezi minane, na sijui nikajifungulie wapi.

Kwetu ni Bungu. Mama yangu ni mkunga wa jadi. Kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma hutiwa katika chungu kipya, likafunikwa kwa jani la mgomba na kuzikwa migombani, kwa sababu tunasema ni mwenzake mtoto. Mgomba uliopandwa juu ya mwenzangu umekatwa mara nyingi, lakini machipukizi yake yapo mpaka leo, na kila niendapo likizo mama huyapapasa na kuyaambia, "Amkeni, mwenzenu amefika." Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa naona haya akifanya hivyo mbele ya rafiki zangu, na siku hizi nikipima wajawazito husimamisha mkono tumboni mwao na kuisikia sauti yake.

Huandika shajara kila siku, kwa hiyo nakunakilia mambo kama yalivyo humo.

14 Machi 1974. Tatu amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mama mkwe wake, Bibi Mwanaidi, amekuja na chungu. "Nesi, nipe mwenzake mtoto nikampumzishe." Nikamjibu, "Bibi, hizo ni taka, zimekwisha kwenda shimoni." Akauliza, "Taka? Na wewe, mwanangu, ulizaliwa na taka?" Akaondoka na chungu kitupu.

Nilimjibu hivyo kwa sababu waraka tuliopokea kutoka wilayani unasema wajawazito wote wajifungulie zahanati, na taka za chumba cha uzazi zitupwe katika shimo lenye mfuniko. Machi nilizalisha akina mama kumi na mmoja. Juni watatu. Julai hakuja hata mmoja.

2 Agosti. Secilia ameletwa kwa machela. Amezalia nyumbani, kondo halikutoka, damu imemwisha. Nimelitoa kwa mkono, tukampeleka Lushoto kwa gari la misheni. Yu hai.

10 Agosti. Nimemtembelea hospitali. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuja kwangu?" Akasema, "Ningekuja, nesi. Lakini kwako mtu anarudi na nusu ya mtoto."

Juzi bombani Bibi Mwanaidi aliniambia mbele ya wanawake, "Nesi, tumbo limeshuka hilo. Wewe si una bahati, shimo lako liko mlangoni!" Walicheka, nikacheka nao, nikaingia ndani nikalia. Mume wangu Hezekia, ambaye ni mwalimu hapa, anasema, "Mkunga ni wewe, mimi nitajua nini?" Na mama ameniandikishia barua yenye maneno matatu tu: Chungu kiko tayari.

Mshauri, ninatamani mikono ya mama, moshi wa jiko lake, na mwanangu awe na mgomba wa kusalimiwa. Lakini nikienda kwake kwa siri, kama ninavyopanga kufanya Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, nani atanisikiliza tena hapa? Na nikitoka damu kama Secilia, Bungu nyumbani kwa mama nani atanitundikia maji ya mshipani? Nikijifungulia hospitali, je, mwenzake mwanangu ataingia shimoni kama nilivyomtia wa Tatu?

Mkunga mwenye mimba,
Milima ya Usambara, 9 Septemba 1974

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilikukasirikia.

Hebu rudia waraka wako ulivyounakili. Unasema taka zitupwe. Ni wapi palipoandikwa kwamba kondo ni taka? Neno hilo halikutoka wilayani, lilitoka kinywani mwako, nawe unajua tangu utotoni kwamba si kweli. Wale wanawake hawakuikimbia zahanati. Waliyabeba mawe yake kichwani! Walikimbia neno moja.

Kutamani kwenu si kukosa adabu wala elimu, na sitakucheka. Ila Alhamisi hiyo hupandi basi. Mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho, kushuka mpaka Mombo na kupanda tena Bungu? Ungemruhusu Tatu? Unakwenda kujifungulia hospitali ya Lushoto, mchana kweupe, kila mtu akuone, na unaondoka wiki mbili kabla. Mwandikie mama yako leo aje akukute huko, na chungu chake. Usingoje uchungu ukushike ndipo uombe: nenda kwa mkunga mkuu mapema, umweleze unataka kondo lako likisha kukaguliwa lifunikwe, apewe mama yako, naye akalizike kwa kina, mbali na maji na mbwa. Mwandikie pia mganga mkuu wa wilaya umuulize kama akina mama wote wanaweza kufanyiwa hivyo. Unaandika shajara kila siku, barua moja haitakushinda. Mpelekee hesabu yako: kumi na mmoja, watatu, sifuri. Na maneno ya Secilia yaandike vilevile kama alivyoyasema.

Kabla hujaondoka, nenda kwa Bibi Mwanaidi. Usimtume Hezekia. Piga hodi, mwamkie, mwambie ulikosa. Atakusema, naye ana haki. Kaa kitako usikilize mpaka amalize.

Kondo la mjukuu wake halirudi. Lakini mwambie mama yako, pamoja na chungu, akung'olee chipukizi moja la mgomba wako. Ukisha kupona uzazi, lipeleke ukalipande nyuma ya nyumba ya Tatu kwa ajili ya yule mtoto. Halitakuwa sawa na lile lililopotea, wala usiwaambie ni sawa. Na shimo lake ulichimbe wewe mwenyewe.