Msimwombee Tena Bwana Harish

Walukuba, Jinja
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Robina. Macho yanaendeleaje? Yale matone ya hospitali bado yanakuwasha? Najua Esita ndiye anayekusomea, basi na yeye namsalimu, na namwomba asome polepole, asiruke hata neno moja. Malewa uliyotuma, yale machipukizi ya mianzi, yalifika makavu na mazuri. Niliyapika na karanga, jirani akaja na sahani yake kabla sijamwita.

Mimi mzima, ila nimechoka. Kiwandani kwa Bwana Harish bado nashona midomo ya magunia, bega la kulia linauma tangu asubuhi, na vumbi la nyuzi limenikaa kooni, kanisani wakiimba nafungua mdomo tu, sauti haitoki. Lakini uchovu ninaoandikia si wa bega. Nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu, na kila nikisikia sauti yako nadanganya upya. Barua hii nitampa mwenzangu anayekuja Mbale kesho alfajiri, nisipate nafasi ya kuichana.

Mama, tulipomzika Baba, Bwana Harish hakunikatalia ruhusa. Naandika "tulipomzika" na mimi sikuwepo, unaona nilivyozoea.

Alinipa siku tano, tena kabla sijamaliza kueleza. Wenzangu waliniletea sukari kilo mbili na blanketi, wakaniaga getini. Nikarudi hapa chumbani, nikafunga mlango na pazia, nikakaa ndani siku zote tano. Sikuwasha jiko, majirani wasione moshi. Nilikula mkate na maji. Ulipopiga simu unalia, nikakuambia tajiri amekataa, ukasema yule Mhindi hana moyo. Nikakuacha useme. Siku ya sita nikarudi kazini, na huko wote wakanipa pole ya safari.

Hakuna kilichonizuia ila hasira. Unakumbuka nyumba zetu za magereza. Sisi watoto tulimwita Baba Afande kama askari wake walivyomwita, na jioni tulipanga mstari kusema amri kumi. Anayekosea anarudia amesimama kwa mguu mmoja. Nilipopata mimba, yeye mzee wa kanisa alisimama mbele ya watu akanitaja jina, kabla sijakuambia hata wewe. Nikawekwa benchi la nyuma, na wiki ile ile akanifungia geti.

Halafu ukamchukua Esita, ana miaka miwili, na Afande yule yule akambeba mabegani mpaka sokoni Nakaloke. Akamfundisha baiskeli. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto, na nikaumia kwa ajili yangu. Esita alimpata baba niliyemkosa mimi. (Esita, mwanangu, endelea kusoma. Kosa halikuwa lako hata siku moja.) Nilingoja aniambie neno moja tu. Akafa hajalisema. Basi nikataka aende bila mimi, kama alivyoniacha niende bila yeye.

Tangu hapo nimejihukumu. Sukari ile sikuifungua, nikaapa kunywa chai bila sukari. Ijumaa nafunga. Meza ya Bwana siendi. Kanisani nakaa benchi la nyuma, na safari hii hakuna aliyeniweka huko. Nilifikiri nikizidisha sheria moyo utanyooka. Haukunyooka, Mama. Nilizidi kuwa mkali kwa watu na mwepesi wa kudanganya. Na wewe ukawa unaniambia kwamba kila Jumatano akina mama wa kanisa wanapiga magoti wakiomba Mungu avunje moyo mgumu wa Bwana Harish. Alhamisi asubuhi yeye ananisalimu, mimi natazama gunia.

Mwezi uliopita alifiwa na mama yake. Wafanyakazi tulikwenda pale wanapochoma maiti zao, kando ya Nile, tukamwona akiwasha moto yeye mwenyewe, kichwa kimenyolewa. Alivyorudi kazini alisimama karibu na cherehani yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mama Esita, wewe ulizika baba yako, hii kitu unajua. Inachukua siku ngapi mpaka itoke kwa kifua?"

Nikainamia gunia. Akadhani ni majonzi, akaniomba radhi.

Jioni nikaenda kwa Mama Tabisa, mzee wa ushirika wetu wa waliookoka, nikamwambia yote. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu, nani alinikataza sukari. Nikasema ni mimi.

"Basi jaji ni wewe, askari wa jela ni wewe, mufungwa pia ni wewe," akasema. "Sasa Yesu umemuachia kazi gani?"

Nilirudi nikafungua ile sukari. Imekuwa jiwe, nikaivunja kwa mpini wa kisu. Sikulia wala sikuona nuru. Ilikuwa chai tu, tamu. Lakini niliinywa yote, na nikajua kwamba kama nimesamehewa bure, sina tena sababu ya kulinda ule uongo.

Jana nilimwambia Bwana Harish. Nilimwambia na kuhusu maombi ya Jumatano. Nilingoja anifukuze. Nilipogeuka kutoka akasema, "Zile siku tano hukutumia. Bado ziko. Enda."

Nakuja Jumamosi. Nitafika kaburini kwanza, nimwambie Afande nimechoka kumkasirikia, ingawa bado hasira ipo kidogo, sitaki kukudanganya tena. Halafu nitakuja mlangoni kwako. Naogopa mlango huo kuliko kaburi. Usiponifungulia nitaelewa, lakini sitaondoka upesi.

Nisalimie mjomba aliyesimamia kuchimba kaburi, najua aliniulizia siku ile. Msalimie shangazi muuza samaki wa kukaushwa, umwambie nimempatia gunia zuri. Msalimie katekista, naye nitamwambia mwenyewe nikifika.

Na wale akina mama wa Jumatano, waambie hivi: msimwombee tena Bwana Harish avunjwe moyo. Mahali pa jina lake wekeni langu. Kama wewe bado hutaweza kulitaja, Mama, mwachie Esita alitaje.

Ni mimi mwanao,
Robina