Nguzo ya Kushoto

Ibra, 5 Oktoba 2024

Mwanangu Huwaida,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima huko Nizwa, wewe na mumeo Ghaith na watoto. Mimi mzima, ila masikio yamekufa kabisa, simuni sisikii kitu, ndiyo maana barua nampa Wadhah wa teksi.

Huwaida, wanakivunja kiwanja chetu cha mpira! Wamepiga vigingi vyekundu toka kona mpaka kona, ati barabara inapita. Timu wameipa kiwanja kipya nje ya mji, majani ya plastiki. Plastiki! Toka mwaka sabini na tano tunacheza hapa. Tulikuwa kumi na moja tuliotoka Unguja, hata "nipe mpira" hatujui kuisema kwa Kiarabu, tukaokota mawe kwa mikono yetu, timu tukaiita Qaranful kwa karafuu za kwetu. Kila Alhamisi nimekimwagia maji ya mfereji wa falaj, zamu yangu nzima, vumbi litulie watu wacheze Ijumaa. Sijakosa mechi hata moja. Na ile nguzo ya kushoto ya goli la kibla, gogo la mtende nililolichonga mwenyewe! Wachezaji huigusa kabla ya kuanza, imekuwa laini kama mkono wa mtu. Mimi nitaishi vipi?

Yule mkubwa wa mipango ulimsomesha binti yake. Mwendee, mwanangu. Sijapata kukuomba kitu.

Babako,
Marhun


Nizwa, 26 Oktoba 2024

Shikamoo Baba,

Sisi wazima alhamdulillah. Raghad alipata homa, imeshuka.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Sikwenda kwa mtu na sitokwenda. Kweli, mechi hujakosa. Siku Mama anakata roho, mwenzako Azzan alikuja kukwita kiwanjani, akarudi peke yake. Akaniambia, "Anasema zimebaki dakika kumi."

Na zamu ile ya maji haikuwa yako, Baba. Mama aliirithi kwa babake, pamoja na mitende yake tisa. Alikuomba nusu ya zamu tu. Ukamwambia Ijumaa kuna mechi kubwa. Kila Ijumaa ilikuwa kubwa! Mitende ikakauka mmoja mmoja naye anaitazama. Leo unalilia mchanga. Mama hukumlilia hivi.

Mwanao,
Huwaida


Ibra, 14 Novemba 2024

Marahaba mwanangu,

Raghad anaendeleaje? Mimi usingizi sina, chakula hakipiti.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Hukusema uongo.

Trekta lilikuja Jumatatu. Nikasimama golini, mzee mzima, nimetanua mikono. Azzan naye akasukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Ndiye peke yake aliyebaki katika wenzangu. Dereva akazima mashine, akanipa chupa ya maji, akangoja. Nikaona haya. Nikatoka mwenyewe.

Leo Alhamisi nimekwenda falaj kwa mazoea, nikakumbuka kiwanja hakipo. Maji nikayafungulia shamba la mamako. Yakapita chini ya mitende mikavu yakatokea ng'ambo, ardhi ngumu hata hainywi. Nikataka kukaa pale penye ule mtende wa tende za khunezi, ule alioupenda, akisali dhuha chini yake. Wallahi Huwaida, siujui ni upi. Kiwanjani nalijua kila jiwe! Niambie ni upi, nikakae hapo nimwombe radhi. Sitaki kitu chengine duniani.

Babako,
Marhun


Nizwa, 16 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Natumai umekula. Naandika mbio mbio, Wadhah anangoja nje.

Usiutafute shambani. Ulikuwa wa tatu kutoka mferejini. Mwaka ule upepo ulipovunja goli, wewe uliingia shambani na shoka, ukadhani mitende yote imekufa. Ule ulikuwa hai. Mama alikuwa akiuchukulia maji ya jikoni kwa ndoo. Siku ile alifika na ndoo yake, akaukuta chini. Akanikataza nisikwambie. Alisema, "Mwache, amefurahi."

Ndiyo ile nguzo ya kushoto, Baba.

Wameiweka wapi? Ikamate, ikalie, usimpe mtu! Kesho nikitoka skuli naja na pikapu ya Ghaith, tuirudishe shambani kwake.

Mwanao,
Huwaida


Ibra, 17 Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu zangu na dua. Barua hii naibandika mlangoni, ukifika usigonge, niko shambani.

Wadhah kanipa barua yako jana alasiri. Nimekwenda hata viatu sikuvaa. Miti na mbao zote za kiwanjani walizikusanya, wakazichoma Ijumaa. Dereva kanionesha pahala. Nimezoa jivu kwa kilemba changu. Lipi lake, lipi la mbao nyengine, sikuweza kujua, nimezoa lote.

Umesema wa tatu kutoka mferejini, lakini mfereji unapita pande mbili, na kisiki kimeshaoza hakionekani. Nimesimama huko toka asubuhi na kilemba mkononi, sithubutu kukifungua. Njoo unioneshe unahesabiwa kutoka upande upi.

Babako